Kitako Hakibadiliki: Kutengeneza Maganda ya 8×57 Mauser kwa Maganda ya .30-06

Simamisha mezani ganda tupu la risasi ya bunduki ya Kimarekani ya .30-06, kisha weka la 8×57 Mauser, la Kijerumani, kando yake. La kwanza ni refu zaidi kwa milimita 6 na ushee, bega lake liko juu kidogo, na shingo yake ni nyembamba. Sasa yalaze yote mawili uyatazame upande wa kitako. Ukingo wa .30-06 una kipenyo cha milimita 12.01, wa 8×57 una 11.95. Kwa jicho huwezi kuvitofautisha, na bolti, yaani kile kifungio cha nyuma, ya bunduki ya Mauser 98 hushika vyote viwili bila kulalamika.

Undugu huo una historia. Wajerumani walianza na ganda la milimita 57 mwaka 1888, na kitako chake cha karibu milimita 12 kikawa kipimo ambacho wengi walikifuata. Wamarekani walipoleta .30-06 mwaka 1906, walikuwa wameshajifunza mengi kwa Mauser, na serikali yao ililipa fedha kwa kutumia hataza za kampuni hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani walirudi nyumbani na bunduki nyingi za Mauser, lakini maganda ya 8×57 yanayofaa kujazwa upya yalikuwa adimu. Ya .30-06 yalikuwa yamezagaa kila uwanja wa shabaha. Watu wakachukua msumeno. Leo maganda mapya ya 8×57 yanauzwa, ila ukifika msimu ambao rafu za duka ni tupu, ujuzi huu unakurudishia uwindaji wako.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wanaowinda kihalali na wameanza kujaza risasi zao wenyewe. Nitazungumzia ganda peke yake. Kiasi cha baruti hutoki nacho hapa. Kitafute kwenye kitabu cha vipimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi.

Sheria kabla ya msumeno

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni maalumu. Akianza kuziuza kama biashara, lazima awe na leseni ya mtengenezaji. Majimbo nayo yana sheria zao, zisome za kwako. Tena kuna jambo ambalo ndugu zetu wengi hawaambiwi: aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, hata moja, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hali yake ni nyingine. Thibitisha kwa mwanasheria kabla hujanunua hata boksi la fataki.

Aliyeko Kenya au Tanzania asifanye kazi hii nyumbani. Sura ya 114 ya sheria za Kenya na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi zinabana umiliki na utengenezaji wa risasi kwa vibali, na kutengeneza bila kibali ni jinai.

Majina ya viungo

Tukubaliane maneno, kwa sababu gazetini neno “risasi” hubeba kila kitu. Hapa *ganda* ni kikombe cha shaba ya njano. *Kichwa cha risasi* ni kile kinachoruka. *Fataki* ni kiwashio kidogo kinachokaa katikati ya kitako. Ganda lenyewe lina *kitako* chenye *ukingo*, juu yake *kiwiliwili*, halafu *bega* linapoanza kubana, kisha *shingo* inayokumbatia kichwa cha risasi, na *mdomo* ambao ni ncha ya shingo. *Kalibu* ni kile chuma kigumu chenye umbo la ganda kwa ndani, kinachofungwa kwenye *presi*, mashine ya mkono ya kusukumia ganda ndani yake. Mafundi wengine hukiita dai. *Chemba* ni tundu la bunduki ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa.

Sasa lile ninalotaka ulishike kuliko mengine. Shingo unaweza kuipanua, kuibana au kuikata. Bega unaweza kulisogeza. Kitako huwezi kukigusa. Ndicho kigumu kuliko sehemu zote, ndicho kinachokabili shinikizo la gesi mahali ambapo ukuta wa chemba haukizungushii, na ndicho kilicho kati ya uso wako na moto. Kwa hiyo kazi yote huanza kwa kutafuta ganda ambalo kitako chake tayari ni sahihi, lenye urefu unaotosha au kuzidi.

Mtu atakwambia tumia 6.5×55 ya Sweden kwa kuwa inafanana. Pima: kitako chake ni milimita 12.20. Robo ya milimita hiyo haipiti kwa heshima kwenye chemba ya 8×57, na hakuna kalibu ya nyumbani itakayoipunguza salama. Ganda la .308 Winchester lina kitako kizuri, lakini urefu wake ni milimita 51. Shingo haitoshi, na shaba huwezi kuiongeza. La .270 Winchester linafaa, ila shingo yake imebanwa zaidi, kwa hiyo lina kazi ndefu ya kupanua. La 7×57 Mauser ni rahisi kuliko yote kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja: unapanua shingo tu. La .30-06 ndilo linalopatikana kwa wingi, basi tuendelee nalo.

Jua bunduki yako kwanza

Usikate ganda hata moja kabla hujajua mtutu wako unataka kichwa cha kipenyo gani. Bunduki za mwanzo za 8×57 zilitumia kichwa cha milimita 8.09, yaani inchi .318. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Ujerumani lilihamia kichwa chenye ncha kali cha milimita 8.22, inchi .323, na hicho ndicho tunachokiita 8×57 IS. Bunduki nyingi za mwaka 1888 na bunduki kadhaa za zamani za uwindaji bado zina mtutu mwembamba. Kupitisha kichwa kinene kwenye mtutu huo kunapandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari. Mpelekee fundi wa bunduki aupime mtutu na chemba. Malipo ya fundi ni madogo kuliko jicho.

Mwambie pia akague pengo la chemba, yaani umbali kutoka uso wa bolti hadi mahali bega la ganda linapogota. Ganda lisilo na ukingo uliotokeza, kama hili letu, hushikiliwa na bega. Tutalirudia jambo hili, maana ndiyo roho ya kazi.

Kuchagua maganda

Tafuta maganda ya .30-06 yaliyopigwa mara moja, ya kiwanda kimoja na ikiwezekana ya mwaka mmoja. Alama zilizogongwa kwenye kitako zitakuongoza. LC, kwa mfano, ni kiwanda cha kijeshi cha Lake City. Mchanganyiko wa viwanda utakupa kuta za unene tofauti, na hutajua kwa nini risasi moja inapanda na nyingine inashuka.

Chungulia ndani ya kitako kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, hilo ni la mtindo wa Boxer na linafaa. Ukiona matundu mawili madogo, hilo ni la Berdan, liache. Inafurahisha kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na mtindo wake ukatawala Marekani, ilhali Berdan alikuwa Mmarekani na wake ukatawala Ulaya. Ndiyo sababu maganda mengi ya kijeshi yaliyotoka Ulaya na zile Mauser hayakuwafaa Wamarekani: sindano ya kutolea fataki hukosa tundu na kuvunjika.

Kisha chukua waya mwembamba, ule wa kubania karatasi unatosha. Unyooshe, unoe ncha yake, uikunje milimita 2 kama ndoano. Ingiza ndani ya ganda hadi chini kabisa, ukwangue ukipandisha polepole. Ganda zima ni laini kama ndani ya kikombe. Likiwa limechoka, ncha itadumbukia kwenye mfereji mdogo kama sentimita moja juu ya kitako. Utausikia kidoleni kabla hujauona. Hapo ukuta umeanza kukatika. Ganda hilo libonde kwa koleo ulitupe, ili lisirudi kwenye ndoo bila wewe kujua.

Osha yaliyobaki kwa maji ya moto na sabuni, au kwa mashine ya kutikisa yenye chenga za maganda ya mahindi. Usitumie dawa ya kung'arishia yenye amonia. Waingereza waliokuwa India waliona risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zikipasuka zenyewe shingoni majira ya masika. Mwaka 1921 wataalamu walieleza sababu: amonia itokayo kwenye mikojo ya wanyama hushambulia shaba ya njano iliyo na mkazo ndani yake. Ganda tunalolibana na kulisogeza bega limejaa mkazo wa namna hiyo.

Toa fataki zilizotumika. Maganda ya kijeshi mara nyingi yana duara la kubana fataki. Liondoe kwa kifaa chake, usilazimishe fataki mpya ipite juu yake. Na hakikisha kwa macho yako kwamba hakuna ganda lenye fataki hai katika fungu hili, kwa kuwa hatua zijazo zina moto.

Kukata

Urefu wa mwisho wa 8×57 kwa kipimo cha Ulaya hauzidi milimita 57.00, kipimo cha Marekani ni 56.90. Ganda la .30-06 ni 63.35. Usikate moja kwa moja hadi mwisho. Kata hadi milimita 58.5 hivi, ubakize ziada ya kusafisha baadaye, kwa sababu ganda hubadilika urefu linapopita kwenye kalibu.

Lishike ganda kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao vilivyotobolewa; meno ya chuma yatalikunja. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha kwa maganda 20. Kwa 100, nunua msumeno mdogo wa mezani wa umeme na utengeneze kizuizi cha mbao ili kila ganda likatike pale pale. Kile kikatio cha mabomba kinachozungushwa sikipendi, hukunja mdomo kuelekea ndani. Vaa miwani. Chembe za shaba huruka zikiwa za moto.

Ukishakata, sugua mdomo kwa tupa uwe sawa, kisha ondoa makali ya ndani na nje. Ukiacha mdomo wenye kucha, utakwaruza kalibu, na kila ganda linalofuata litabeba mkwaruzo huo.

Kulainisha kwa moto

Shaba ya maganda ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Ni shaba nyumbufu, lakini kila ikikunjwa huzidi kuwa ngumu na hatimaye hupasuka. Moto huirudishia ulaini. Tatizo ni kwamba moto huohuo ukifika kwenye kitako unakilainisha nacho, na kitako laini hakizuii gesi.

Chukua sinia la bati, weka maji ya kimo cha sentimita 2 au 2.5, usimamishe maganda ndani yake kwa nafasi. Maji hayatakubali kitako kipande zaidi ya joto la kuchemka. Paka mstari wa rangi ile maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 400 za Selsiasi, kuanzia mdomoni hadi chini ya bega, kwa ganda la majaribio. Zima taa kubwa. Elekeza mwali wa mtungi wa gesi kwenye bega na shingo, ukizungusha sinia ili ganda lipate moto pande zote. Hesabu sekunde kichwani; rangi ikiyeyuka tu, hesabu uliyofika ndiyo yako. Ganda likianza kuonyesha wekundu hafifu gizani, umeshafika mwisho. Likiwa jekundu wazi, umepita. Lisukume kwa kijiti liangukie majini.

Kwa aliyezoea chuma, hapa kuna la kusahau. Chuma cha moto ukikizamisha majini kinakuwa kigumu. Shaba ya njano haifanyi hivyo. Maji hapa ni breki ya joto tu.

Fungu langu la kwanza kabisa lilikuwa maganda 20, na nilitumia maji kidogo mno kwa haraka ya kutaka kumaliza. Yalipendeza, yana rangi ya bluu na zambarau hadi chini. Mzee aliyenifundisha alichukua moja, akalibana kitakoni kwa koleo la kawaida, na likabonyea kama kopo la maziwa. Hakusema neno. Akachukua ganda jingine ambalo halijaguswa na moto, akabana kwa nguvu zote, likabaki mviringo. Yote 20 tuliyabonda palepale. Fanya jaribio hilohilo kwa ganda moja la kila fungu lako; kupoteza ganda moja ni kodi ndogo.

Kulisogeza bega

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Katika .30-06 bega huanza milimita 49.5 kutoka kitakoni, na shingo huanza karibu 53.6. Katika 8×57 bega linashuka takriban milimita 3. Maana yake shingo mpya itajengwa na lile lililokuwa bega la zamani pamoja na kipande cha chini cha shingo ya zamani. Kiwiliwili nacho kinapungua karibu theluthi moja ya milimita sehemu ya juu. Ukielewa safari hii ya shaba, matatizo yote ya mbele utayajua kabla hayajafika.

Paka mafuta. Lanolini iliyochanganywa na mafuta kidogo ya mbarika ni nzuri. Nta maalumu ya kazi hii ni bora zaidi. Paka kiwiliwili kwa vidole, tabaka jembamba kiasi cha kuona kung'aa tu. Begani paka kidogo sana, kwa kuwa mafuta yakikosa pa kwenda hubonyeza bega na kuacha kishimo. Ukisahau kupaka kabisa, ganda litaganda ndani ya kalibu, na itakubidi utoboe kitako, uchonge nyuzi za skrubu, ulivute kwa boliti.

Toa kwanza kile kijiti cha kupanulia ndani ya kalibu ya 8×57. Funga kalibu kwenye presi izame nusu tu, kisha pitisha ganda. Likiingia, litoe, lizungushe robo duara, lirudishe. Teremsha kalibu robo mzunguko, rudia. Usilazimishe mkono wa presi. Shaba ikisukumwa taratibu hutiririka. Ikisukumwa kwa pupa hujikunja, na mkunjo begani hautoki tena.

Unapokaribia mwisho, punguza mwendo. Nyuzi za kalibu za kawaida ni 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.81, na sehemu moja ya nane ni karibu milimita 0.23. Hatua za mwisho ziwe nusu ya hiyo, milimita 0.11 kila moja. Na kipimo chako hapo ni bunduki yako mwenyewe.

Hakikisha bunduki haina risasi hata moja. Toa bolti, ondoa pini ya kupigia pamoja na springi yake. Kwenye Mauser 98 inafunguka kwa mkono, haihitaji chombo. Bila springi ile bolti hufunga kwa uzito wa kidole kimoja, na hapo ndipo unapopata hisia. Ukucha wa Mauser, ule wa kwenye bolti unaovuta ganda kutoka chembani, hutakiwa kupandwa na ganda kutoka chini, kwa hiyo telezesha ukingo wa ganda chini ya ukucha kwanza, kisha sukuma vyote pamoja. Usilitumbukize ganda ndani ya chemba halafu ukaupigisha ukucha juu yake.

Mwanzoni bolti haitafunga, bega bado liko juu. Teremsha kalibu kidogo, pitisha ganda, jaribu tena. Utafika mahali mkono wa bolti unashuka nusu na kukwama kidogo. Teremsha tena kiduchu. Sasa unashuka wote, lakini unahisi kitu kama mlango wenye raba unaofungwa. Simama hapohapo. Funga nati ya kalibu na uandike tarehe. Ukiendelea hadi bolti ianguke yenyewe bila upinzani, umezidisha: bega halifiki mwisho wa chemba, ganda litarushwa mbele na kunyooka linapopigwa, na ule mfereji tulioutafuta kwa waya utaanza kuchimbika juu ya kitako. Kwa bunduki kuukuu yenye pengo kubwa, namna hii ya kulifuata bega la chemba ndiyo faida kubwa ya kujitengenezea maganda. La dukani limepimwa kwa bunduki zote. Hili limepimwa kwa yako.

Rudisha kijiti cha kupanulia, paka mafuta makavu ndani ya shingo, upitishe tena ili shingo ishike kichwa cha milimita 8.22. Kijiti chenye mteremko mrefu kinapanua bila kuinamisha shingo.

Urefu wa mwisho na unene wa shingo

Punguza kwa kikereza cha maganda hadi milimita 56.7 hivi, safisha mdomo ndani na nje, futa mafuta yote. Mafuta yakibaki kwenye kiwiliwili, ganda litateleza badala ya kushika ukuta wa chemba, na mzigo wote utaangukia bolti.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu ganda limeshapendeza na bolti inafunga. Kumbuka shingo hii ilikuwa bega. Kuta zake zinaweza kuwa nene, hasa sehemu ya chini, ambako pete ya shaba hujitokeza kwa ndani. Kipenyo cha nje cha shingo ya risasi iliyokamilika hakipaswi kuzidi milimita 9.08. Chukua maikromita yenye ncha ya duara, pima ukuta. Ukiwa 0.38, hesabu ni 8.22 kujumlisha mara mbili 0.38, unapata 8.98, umesalimika. Ukiwa 0.45, unapata 9.12. Shingo hiyo itabanwa na chemba, haitaweza kufunguka kumwachia kichwa cha risasi, na shinikizo litapanda kwa namna ambayo kitabu chochote cha vipimo hakikuihesabu.

Dawa yake ni kukereza shingo kwa nje kwa kifaa cha mkono, ama kuichonga kwa ndani ikiwa ile pete ndiyo tatizo. Kereza kidogo kidogo hadi unene uwe sawa pande zote. Baada ya kupiga risasi ya kwanza, fanya jaribio jepesi: chukua kichwa kipya cha risasi ukidondoshe kwenye mdomo wa ganda lililopigwa. Kikiingia chenyewe bila kusukumwa, shingo ina nafasi. Kikigoma, acha kupiga, rudi kwenye kikereza.

Ukishamaliza kukereza, rudia moto mara moja tena, wa upole, ili kuondoa mkazo wote uliojengeka.

Ujazo

Ganda la .30-06, hasa la kijeshi, linaweza kuwa na kuta nene kuliko la 8×57 la kiwandani, na nafasi ndogo ndani huleta shinikizo kubwa kwa baruti ileile. Pima. Ziba tundu la fataki kwa fataki iliyotumika, lipime ganda tupu kwenye mizani, lijaze maji hadi mdomoni bila kiputo, lipime tena. Fanya hivyo kwa maganda matano, kisha kwa maganda ya kiwandani uliyopiga kwenye bunduki hiyohiyo. Yako yakibeba maji machache, ujue utaanzia chini kabisa ya kitabu na pengine hutafika juu kamwe.

Tena soma kitabu kwa makini juu ya 8×57 yenyewe. Kipimo cha Ulaya kinaruhusu shinikizo la megapaskali 390. Cha Marekani kimeshushwa hadi kama 241, kwa ajili ya zile bunduki za zamani zenye mtutu mwembamba. Vitabu viwili vinaweza kukupa namba zilizo mbali sana na vyote vikawa sahihi kwa alichokusudia mwandishi.

Kata moja, halafu weka alama

Katika kila fungu la kwanza mimi hutoa ganda moja na kulipasua kwa urefu kwa msumeno, kuanzia mdomoni hadi katikati ya kitako. Lisugue kwa msasa laini, lishike dirishani. Utaona ukuta ukinenepa kuelekea chini, bega jipya lilivyokaa, na kama kuna ile pete ndani ya shingo itaonekana kama kivuli chembamba. Hakuna kipimo kinachofundisha kama dakika hiyo.

Linalobaki ni alama, na hili nalisema kwa msisitizo. Kitako cha ganda lako bado kimeandikwa .30-06, huku ndani kuna risasi ya 8×57. Mtu akiichukua akaiweka kwenye bunduki ya .30-06, inaweza kuingia na bolti kufunga, kwa kuwa ni fupi. Kichwa cha milimita 8.22 kitalazimishwa kupita kwenye mtutu wa 7.82. Bunduki zimewahi kupasuka kwa kosa hilo, na anayepasukiwa anaweza kuwa mwanao aliyerithi boksi lako.

Kwa hiyo kata mkwaruzo mdogo wa tupa kwenye ukingo wa kila ganda, mahali palepale, kina cha kuhisiwa kwa ukucha wa kidole gizani. Paka kitako chote rangi ya wino usiofutika. Yaweke kwenye boksi lisilofanana na maboksi yako ya .30-06, na kama unamiliki bunduki zote mbili usizibebe siku moja porini. Ndani ya kifuniko bandika karatasi: 8×57 IS, ganda limetokana na .30-06, kichwa milimita 8.22, kwa bunduki hii tu pamoja na namba yake ya mfululizo, unene wa shingo, ujazo wa maji, tarehe ya moto wa mwisho, na mistari ya kuhesabu kila ganda limepigwa mara ngapi. Kila baada ya kupiga, ule waya wenye ndoano urudi kazini.